Ukuta wa Kutulia

Jumapili ile sikuwa na mgeni.
Boti ya Goma ilifika na vitunguu tu,
nikamwambia mama: leo wewe ndiwe mtalii wangu.
Akacheka. Akaenda kuoga mara ya pili,
akajifunga kitenge cha harusi ya Nabintu,
akauliza kama watalii hubeba mwavuli.

Tulianzia ninapoanzia siku zote,
pale juu Nguba, ziwa linapojifunua,
nikatoa sauti yangu ya kazi:
"Tazama, Bibi, Bukavu ni mkono,
rasi tano zimeingia Kivu
kama vidole vinavyopima joto la maji."
Hapo wageni hutoa simu zao.
Mama alitazama kidogo.
"Kile cha kati," akasema, "kina utelezi mvua ikinyesha."

Nikampeleka kwenye nyumba za zama za Wabelgiji,
kona zao za mviringo,
madirisha duara kama ya meli
zilizopanda kilima zikasahau njia ya kurudi.
(Hapo huwa natulia, wageni wacheke.)
Mama aligusa ukuta kwa kiganja kizima,
kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe wake.
"Mchanga wa ghorofa hii ya pili niliupandisha mimi,
mwaka ule walipoitengeneza upya. Ulikuwa bado unanyonya.
Safari arobaini. Walinilipa thelathini na tano."

Kwenye kanisa kuu nilisema habari za kuba,
jinsi mwanga wa asubuhi unavyoshuka.
Yeye alipiga ishara ya msalaba
huku midomo ikihesabu ngazi.

Bandarini nikasema neno juu ya meli za zamani.
Ruzizini nikasema neno juu ya daraja,
ya kwamba ng'ambo ni nchi nyingine na saa ni nyingine.
"Chumvi yao ni ileile," akasema mama,
kisha akasimama katikati ya njia:
"Umemaliza? Haya. Sasa nifuate."

Tukapanda kuelekea Kadutu,
yeye mbele, mimi nyuma nikihema,
tukapita wauza sambaza, tukapita fundi wa redio,
tukaingia kichochoro ambacho sijawahi kukiuza.

Pale palikuwa na ukuta.
Mfupi, wa mawe meusi, hauna bango,
juu umelainika kama mgongo wa kijiko cha mti.

"Unageuka hivi," akasema,
"unarudi nyuma hatua mbili,
gunia linakaa lenyewe. Huhitaji mtu."
Akageuka. Akarudi nyuma hatua mbili.
Hakuwa na kitu mgongoni,
lakini nilisikia pumzi ikimtoka,
na kidole chake kikapanda kwenye paji la uso
kulegeza kamba isiyokuwapo.

"Hapa Nsimire alituambia ana mchumba.
Hapa M'Cirhuza alikaa, tukadhani amelala.
Hapa mtoto wa jirani alinijia mbio: una surua, huoni.
Niliacha mkaa wa watu papa hapa,
siku mbili usiku na mchana.
Niliporudi, gunia lilikuwa linaningoja.
Nani angeiba kilichowekwa hapa?"

Nilitafuta mwaka wa kujengwa.
Nilitafuta jina la aliyepanga mawe,
na kwa nini kimo hiki, si kingine.
Sauti ya kazi haikuja.
Niligeuka tu, nikarudi nyuma hatua mbili.
Ukuta ulinigonga chini ya kiuno. Mimi ni mrefu mno,
nimekula vizuri.

Mama akafungua fundo la kitenge,
akanipa noti ya franga mia tano,
imekunjwa mpaka imekuwa mbegu.
Nikakataa. "Kwani watalii wako hawalipi?"

Mvua ikaanza, ile ya Bukavu isiyobisha hodi.
Nikanyosha mkono nimpokee mwavuli.
"Acha," akasema, akaufungua juu yetu wote wawili,
"huu hauna uzito."